Mlima upi umfae mtu wa visiwani: Lushoto, Morogoro, au tubaki na Ngezi yetu?

Unguja hatuna mlima. Tuna Kilimani, tuna Kilimahewa, na bado mtoto wa baiskeli anazipanda zote mbili bila ya kunyanyuka kwenye tandiko. Pahala pa juu kabisa kisiwani ni mgongo wa Masingini, na hapo hapafiki mita 120 kutoka usawa wa bahari. Pemba kuna mabonde na vilima hadi gari zinalia, lakini nako hakuna kilele kinachofika mita 100. Ndiyo maana kila mwaka, tukisharudi kwenye matembezi ya mazoezi ya tarehe 1 Januari, fulana zimelowa na vichwa vimejaa sifa, hakosekani mmoja katika kikundi chetu cha mazoezi wa kusema: "Jamani, mwaka huu tukapande mlima."

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mmoja anataka Morogoro kwa sababu siku hizi kuna treni. Mwengine ana shangazi Tanga, basi kwake yeye ni Lushoto tu, hasikii la mtu. Wa tatu, ambaye hata ngazi za nyumba za maendeleo Michenzani zinamtoa pumzi, anataka Kilimanjaro. Mimi huko kote nimekwenda kwa miguu yangu hii. Kileleni Kilimanjaro sikufika, na nitasema niliishia wapi. Ninayoyaandika ni ya mtu aliyezaliwa pwani na mwenye magoti ya pwani, kwa wenzake walio hivyo hivyo.

Kosa letu la kwanza huwa ni kuulizana mlima una urefu gani. Tuulizane mengine: siku ya kupanda, miguu itanyanyuka mita ngapi, na itashukia njia ya namna gani? Mji wa Lushoto wenyewe uko kiasi cha mita 1,400, na gari inakufikisha huko ukiwa umekaa. Mji wa Morogoro uko kiasi cha mita 500, na kilele cha Lupanga kinachouchungulia kina mita 2,138. Lango la Marangu la Kilimanjaro liko karibu mita 1,870, na kituo cha kwanza, Mandara, kiko mita 2,720. Ukifanya hesabu utaona ajabu. Safari ya siku moja ya Kilimanjaro inakupandisha mita 850 hivi, kwenye njia pana iliyotengenezwa. Lupanga, ambayo watu wanaiita kimlima cha Morogoro, inakupandisha karibu mara mbili ya hapo, juu ya mizizi na tope. Katika milima yote niliyokwenda, huo mdogo ndio ulionilaza.

Kwanza za nyumbani

Msitu wa Masingini unaufikia kwa gari ya 502 ya Bububu, kisha kwa miguu. Ni msitu wa vyanzo vya maji, na mtu wa mjini anayekunywa maji ya bomba ana deni nao. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyavuta maji ya chemchemi za upande huo kwa mabomba hadi mjini. Miti ni mikubwa, kivuli kipo, na ukibahatika utawaona kima punju, ambao kundi lao lililetwa hapo miaka ya 1970 kutoka kusini ya kisiwa. Kwa asubuhi moja, na watoto, na chupa ya maji na maandazi, hakuna pahala pa karibu panapopita hapo.

Lakini usijidanganye kwamba Masingini inakuandaa kwa mlima. Kutoka pwani ya Bububu hadi juu ya mgongo unapanda mita mia moja na kidogo. Ili ufikie kazi ya Lupanga, inakubidi upande na kushuka Masingini mara kumi na tatu au kumi na nne kwa siku moja. Nimewahi kuwaambia wenzangu tufanye angalau mara tano. Tulifanya mara mbili, kisha mtu akataja urojo.

Jozani naiacha nje ya ulinganisho huu. Ni pazuri, ndiyo hifadhi ya taifa yetu ya pekee tangu 2004, na mikoko yake ya kuelekea Chwaka inatuliza moyo, lakini ardhi imelala kama mkeka.

Ngezi ni habari nyengine. Msitu huu wa kaskazini ya Pemba, baada ya Konde, ndio mabaki ya msitu mkubwa uliokuwa umekifunika kisiwa kabla ya mikarafuu. Ndani yake kuna mitende mwitu iitwayo mpapindi, isiyoota pahala pengine duniani ila Pemba. Kuna na popo wa Pemba, mkubwa kama paka aliyevaa koti, ambaye naye ni wa kisiwa hichi tu. Langoni unapewa mtu wa kukutembeza. Ukitoka msituni unaangukia mchanga wa Vumawimbi, na ukiendelea hadi ncha ya kisiwa, Ras Kigomasha, utaukuta mnara wa taa wa chuma. Ukipanda ngazi zake unaiona bahari pande tatu.

Na mimi husema hivi, wenzangu wakanicheka: Wapemba wanaishi juu ya mlima, basi tu maji yameuficha. Mkondo wa bahari kati ya Unguja na bara kina chake ni makumi ya mita tu, lakini kati ya Pemba na bara kinafika kiasi cha mita 800. Ukisimama Kigomasha ukatazama magharibi, miguuni mwako pana genge la mwamba, refu karibu sawa na lile la Irente kule Lushoto nitakalolieleza hapo mbele. Hulioni tu.

Kwa hiyo, kama una mtoto mchanga, mzee, au siku mbili tu za mapumziko, na unatoka Unguja, mimi nakwambia nenda Ngezi na uachane na habari za bara. Utatembea mchana kutwa, hutoumia goti, jioni unaoga baharini.

Kuvuka: Muunguja na Mpemba hawana njia moja

Hili watu hulisahau, wakalikumbuka bandarini.

Aliyeko Unguja, Morogoro ndiyo jirani yake. Boti ya kasi ya asubuhi hadi Dar es Salaam ni saa mbili hivi. (Boti zenyewe zimepewa jina la Kilimanjaro, kwa hiyo Mzanzibari ana haki ya kusema ameshapanda Kilimanjaro mara arubaini.) Tangu Juni 2024 kuna treni ya umeme ya kwenda Morogoro, na haichukui hata saa mbili. Ukiondoka bandari yetu ya Malindi asubuhi, Alasiri uko Morogoro umeshaoga. Stesheni iko nje kidogo ya mji, kwa hiyo weka akiba ya bodaboda au bajaji. Tiketi ikatwe mapema, na kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya begi lililofungwa chini ya mabegi ya wenzio.

Kwenda Lushoto kutoka Unguja ni kazi zaidi. Baada ya boti, kuna basi kutoka Dar linalokula karibu siku nzima: Chalinze, Korogwe, Mombo, kisha kona za mlimani. Sisi tulilala Dar usiku mmoja kwenda na usiku mmoja kurudi, na kwa siku nne za likizo tukapata siku moja na nusu ya mlima. Hesabu hiyo haikumfurahisha mtu.

Aliyeko Pemba mambo yanamgeukia vizuri. Kuna usafiri wa meli hadi Tanga, na kutoka Tanga hadi Lushoto ni nusu siku ya basi kupitia Muheza na Korogwe. Meli haiendi kila siku, kwa hiyo ratiba ya mlima ifuate ratiba ya meli. Ndugu zetu wa Wete waliokwenda na sisi mara ya pili walifika kabla yetu, wakatupokea kama wenyeji.

Na tusijione wageni sana huko. Enzi za mfalme Kimweri wa Wasambaa, wenyeji wa milima ya Lushoto, aliyekaa Vuga, si mbali na Soni, watu wa mwambao wa Tanga walikuwa na mabwana wawili: Unguja alikaa Sayyid Said, na juu mlimani alikaa Kimweri. Kimweri alifariki 1862, lakini nyuzi za Tanga na visiwani hazijakatika. Mlimani tulisalimiwa na mzee aliyetuuliza bei ya karafuu kabla ya kutuuliza hali zetu.

Lupanga: kupanda si kitu, kushuka ndiyo kesi

Tulikwenda sita. Kibali cha kuingia hifadhi ya Uluguru tulikichukua jana yake, kwani msitu huo unasimamiwa na serikali na huingii hivi hivi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuko njiani na kijana wa Kiluguru aliyevaa mabuti ya mpira, panga mkononi, mfuko wa plastiki wa mihogo ya kuchemsha begani. Sisi tulikuwa na raba za kukimbilia, za rangi, za bei. Aliziangalia miguuni mwetu moja baada ya moja, asiseme kitu.

Saa moja ya kwanza unapita mashambani: migomba, maharage, nyumba zilizoegemea mteremko, watoto wa skuli wanakuja mbio kushuka huku wewe unahema kupanda. Halafu msitu unafunga. Kuanzia hapo hakuna njia kama tunavyoijua sisi. Kuna ngazi ya mizizi. Unashika mzizi wa juu, unakanyaga wa chini, unajivuta. Moyo unapiga, lakini mtu wa mazoezi anavumilia. Kupanda kulitutosha, hakukutushinda.

Kileleni tulikuta ukungu. Mweupe, mzito, kama umefungiwa ndani ya neti. Morogoro wanaisifu kwamba ni mji kasoro bahari, na mimi nilitaka niuone huo mji ulivyo kwa juu. Sikuona hata buti za aliyetutangulia. Tulikula haluwa iliyogandamana, tukanywa maji, tukageuka.

Sasa kushuka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo mwekundu wa Uluguru ukilowa unakuwa kama sabuni ya kipande. Kila hatua vidole vinapiga ncha ya kiatu. Baada ya saa moja mapaja yanatetemeka yenyewe, huyaamuru. Kijana mmoja wetu, anayeongoza kila Jumapili katika mbio za kikundi, alianguka mara saba, tulihesabu. Aliyetushangaza ni mkubwa wetu, mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa mkwezi wa minazi ujanani. Yeye aligeuka akauelekea mlima, kifua kwenye mteremko, akawa anashuka kinyumenyume kwa kutafuta mzizi kwa kidole cha mguu, kama anavyoshuka mnazi. Hakuanguka hata mara moja. Mwongoza njia alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akatuambia tufanye kama mzee.

Tulifika chini Magharibi inaadhiniwa. Kucha zangu mbili za vidole gumba zilikuwa nyeusi kwa miezi mitatu. Anayekwenda Lupanga akate kucha siku mbili kabla, avae kiatu chenye meno chini na nafasi mbele, na apate bakora ya mti. Buti za mtumba za Darajani zinafanya kazi nzuri kuliko raba mpya.

Kwa haki ya Morogoro, Lupanga si njia yake pekee, na hapa ndipo wengi hukosea kuchagua. Kuna njia ya Morningside, nyumba ya zamani ya Wajerumani iliyo juu ya mji, unapita vijito na mashamba ya mboga hadi kwenye maporomoko ya Choma. Ni nusu siku, njia inaonekana, na msimu wake ukifika unanunua stroberi kwa wakulima wenyewe. Maji yote hayo unayoyaona yakiteremka yanaelekea mto Ruvu, na ndiyo yanayonywewa Dar es Salaam. Ningerudi Morogoro kesho kwa ajili ya Morningside. Lupanga sirudi hadi nipate magoti mengine.

Lushoto: unafika juu kabla hujaanza

Tofauti ya Usambara, milima ya Lushoto, na Uluguru ya Morogoro unaihisi ukiwa ndani ya basi. Kutoka Mombo barabara inaanza kujikunja, upande mmoja mwamba, upande mwengine bonde, na chini mto unaopiga kelele hadi maporomoko ya Soni. Ni kilomita 30 na kidogo tu, lakini masikio yanaziba, na wenzetu wawili walihitaji mifuko. Mwenye kutapika baharini akae dirishani, asile kitu Mombo.

Kutoka mjini Lushoto hadi Irente ni mwendo wa saa moja na nusu, barabara ya vumbi katikati ya migomba na mikalitusi, na wanawake wanaokupita na kabichi kichwani huku wewe mikono mitupu umechoka. Njiani lipo shamba la Irente, ambapo unakaa kwenye majani ukala mkate wao wa ngano nzima, jibini na jamu. Kisha unafika ukingoni, na ardhi inaisha.

Nasema inaisha kwa sababu sina neno jengine. Mwamba unakatika, na chini, karibu mita 1,000 chini ya kandambili zako, ndiko uliko uwanda: mashamba ya mkonge ya Mazinde yamepangwa kama mishono, barabara kuu ni uzi, na basi lililokuchosha jana ni punje ya mchele inayotembea. Tulipofika kulikuwa na ukungu pia. Moyo ukaniambia haya, Lupanga hiyo tena. Lakini huku ukungu unapanda kutoka chini na upepo unaupasua. Tulikaa robo saa, pazia likafunguka kipande kwa kipande, kwanza mkonge, kisha barabara, kisha mbali kabisa nyika ya Wamasai. Mke wa mwenzetu, aliyekuja kwa baibui na viatu vya wazi na kuambiwa na kila mtu kwamba hatoweza, alikaa pale hadi tukamwita mara tatu.

Hiyo ndiyo hoja yangu kuu kwa Lushoto: mandhari haikudai uumie kwanza. Na mwenye nguvu hakosi kazi. Kuna msitu wa Magamba, wenye kilele cha mita 2,230, vinyonga, na mbega weusi kwa weupe, ambao ukishazoea kima punju wa kwetu utaona wamevaa rasmi mno. Kuna safari ya siku tatu hadi nne ya kutembea vijiji kwa vijiji mpaka Mtae, ukilala Rangwi na kwengine njiani. Nimeifanya siku moja ya kwanza tu nikarudi na wenzangu, na ndiyo safari ninayoitamani kuliko zote.

Baridi, nguo, chakula, sala

Kila unapopanda mita 100 joto hupungua zaidi ya nusu nyuzi. Kwa hiyo Lushoto, mchana ule ule, ni baridi kuliko Unguja kwa nyuzi nane hivi, na usiku wa kipupwe, Juni hadi Agosti, ni wa kulala na mablanketi mawili. Mtu wa kwetu anayeona baridi kwa upepo wa Forodhani asifanye mzaha. Sweta, soksi, kofia ya sufu, na kitu cha kuzuia mvua. Morogoro mjini ni joto tu, na hakuna upepo wa bahari; baridi yake iko kileleni, na huko hukai.

Kwa wanawake: Irente na Morningside unakwenda na dera au baibui, hakuna tabu. Lupanga nguo ndefu inakamatwa na mizizi na ni hatari kweli, si suala la mazoea. Dada zetu walivaa suruali pana na kanzu ya magotini, mtandio umefungwa nyuma, wakawa sawa.

Chakula cha halali si tatizo Lushoto wala Morogoro, Waislamu ni wengi na adhana unaisikia. Tofauti ni ladha. Lushoto utakula viazi, maharage na mboga za majani zilizochumwa saa ileile, na peasi kama ni msimu. Samaki wa kweli msahau. Morogoro una kila kitu cha mji mkubwa. Mlimani kokote, Adhuhuri na Alasiri tulizikusanya kama wasafiri, na kibla hakijatusumbua: Makka iko kaskazini yetu karibu moja kwa moja, visiwani na huko pia. Ila ndani ya ukungu hujui kaskazini ni ipi, kwa hiyo dira iwe kwenye simu na simu iwe na chaji. Udhu wa kijito cha Uluguru saa saba mchana unakuamsha kuliko kahawa.

Na Kilimanjaro ya siku moja?

Niliishia Mandara. Sitii chumvi, sipunguzi.

Unalala Marangu au Moshi, asubuhi unaingia langoni na mwongoza njia aliyesajiliwa, kwani bila yeye hupiti, unapanda kilomita 8 ndani ya msitu wa mvua, saa tatu hadi nne kwa mwendo wa pole. Vijito, madaraja ya mbao, ndevu za miti zinaning'inia. Kutoka Mandara ni mwendo mfupi hadi kreta ya Maundi, na mbingu ikiwa safi unaiona Kibo, kichwa cha Kilimanjaro, theluji yake juu, unajua kwamba kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni shughuli ya watu wengine na siku nyengine. Njia ni pana, ngazi zimetengenezwa, mteremko haukupigi magoti. Mtu aliyeshindwa Lupanga anaweza kuimudu Mandara vizuri kabisa.

Basi kwa nini siiweki mbele? Kwa sababu ya pesa na masafa. Ada ya hifadhi ya taifa, hata ile ya Mtanzania, na mwongoza njia, na basi la siku nzima kutoka Dar au ndege, vyote kwa mchana mmoja wa mlima. Aidha, kupita mita 2,500 wapo watu ambao kichwa huanza kuwauma kwa upungufu wa hewa, na mtu wa pwani hajui mapema kama ni mmoja wao. Ukiumwa, dawa ni kushuka, na Mandara kushuka ni rahisi. Kama una shughuli Moshi au Arusha, usikubali kurudi bila ya kwenda. Kama huna, usifunge safari kwa hilo tu.

Lini, na nani aende wapi

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, tusidanganyane: Lupanga hakupandiki kwa raha, na kona za Lushoto zinatisha. Kusi likikaza Julai na Agosti, bahari inakuwa na hasira, hasa kwa anayezunguka ncha ya Nungwi kwenda au kutoka Pemba. Vuli, Oktoba hadi Disemba, ni bahati nasibu. Mimi napenda Januari na Februari: bahari ya kaskazi ina staha zaidi, mlimani kukavu, na kulikimbia joto la mjini kuna maana. Septemba pia si mbaya.

Mwenye familia, au anayepanda kwa mara ya kwanza, aende Lushoto, na ajipe siku tano kamili kama anatoka Unguja, nne kama anatoka Pemba. Mwenye siku tatu na anatoka Unguja aende Morogoro kwa treni, apande Morningside, aitazame Lupanga kwa chini akinywa chai. Kijana anayejiona simba aende Lupanga, lakini kwanza atuonyeshe Masingini mara tano kwa asubuhi moja, nami nitakuwa nimekaa juu na saa mkononi. Wenye siku mbili, Ngezi. Wenye magonjwa ya moyo, pumu au sukari wamwone daktari kabla ya yote haya, hata kabla ya Irente, kwa sababu baridi na kimo havimwulizi mtu.

Kikundi chetu mwaka huu kimegawanyika, na naona ni sawa. Tisa tunakwenda Lushoto Februari na ndugu wa Wete watatukuta huko. Wanne wamekaidi, wanataka Lupanga. Mkwezi wetu wa zamani anakwenda nao, na jioni hizi anawapeleka shambani kuwafundisha kushuka mnazi.